Mbao ya Mlango wa Beryl

Benchi lenyewe lilikuwa la kanisani. Siku parokia ya Ledwick ilipoleta viti vya plastiki, Len Pargeter aliliomba lile kuukuu, akalikokota kwa toroli hadi kwenye ghala lake la matofali chini ya vilima vya Malvern, akaliegemeza ukutani panapopiga jua la asubuhi. Tangu hapo wazee wa gari hukaa hapo kila Jumamosi, na Dilys huegesha gari lake la chai hatua tano mbele yao, kwa kuwa anasema wateja wengine huja kunywa, hawa huja kusikilizwa. Nyuma ya migongo yao, ndani ya ghala, kuna Wexcombe ya mwaka hamsini na tatu: gari la michezo la viti viwili, kijani kilichokolea, bati la alumini lililovishwa juu ya mifupa ya mbao. Yalitengenezwa thelathini na moja tu, yote kwa mikono, na yamebaki tisa. Hili ni la kumi na saba. Len alikaa nalo miaka arobaini, akafa Februari injini ikiwa imetawanyika mezani, na marafiki zake watatu wakaapa kuliwasha. Jumamosi nyingine hubishana kuhusu oili mpaka mchana na kuagana wakicheka. Jumamosi hii hakuna aliyecheka.

Saa tatu asubuhi Beryl, mjane wa Len, alikuja na keki ya tangawizi mkononi na habari mdomoni. Gari liliwaka Alhamisi. Basi sasa angeweza kuwaambia. Len, siku zake za mwisho hospitalini, alimwambia hivi: kuna maneno ameyaandika kwa penseli kwenye mbao ya mlango wake, mlango wa abiria, chini ya ngozi. Siku gari likiwaka tena, awaambie wazee wamfungulie, asome.

Walifungua skrubu nane, wakavua ngozi. Ndani wakakuta mbao mpya, nyeupe kama mkate, haina hata alama ya ukucha.

— Mbao ya mume wangu iko wapi? Beryl aliuliza.

Kazi ya mbao ni ya Maynard. Wanamwita Msumeno, kwa sababu msumeno ulimla vidole viwili vya mkono wa kushoto akiwa na miaka kumi na minne, na bado akaendelea kuupenda. Alijibu kabla hajafikiri:

— Mimi niliacha ile ya zamani, Beryl. Niliipiga randa kidogo tu.

— Basi imeibwa, Beryl alisema. Narudi saa tano. Nikiikosa, Jumatatu gari linakwenda mnadani. Na nyinyi watatu msilisogelee hata kwa macho.

Akaondoka. Na keki akaondoka nayo.

Maynard alijua mbao iliko. Ilikuwa majivu. Mwezi Septemba alikuta ncha yake ya chini imeoza, laini kama jibini, na mbao iliyooza ya gari la namna hii huchomwa siku ileile, ili kuvu isihamie kwenye mbao nzima. Ndivyo alivyofundishwa, ndivyo alivyofanya. Hakuigeuza kuitazama nyuma. Aliitupa kwenye jiko la kuni la ghalani, na ilipogeuka yenyewe katikati ya moto ndipo alipoyaona maandishi, kwa kuwa penseli haiungui upesi kama mti. Juu ya mkaa mweusi yalikuwa yaking'aa kama fedha. Aliingiza koleo. Mbao ikakatika.

Hakumwambia mtu. Ni vipimo tu. Alijiambia hivyo majuma matano.

Dilys alimletea chai. Alikigeuza kikombe kishikio kikae upande wa mkono wa kulia, ule mzima, kama anavyofanya kila Jumamosi bila kusema. Leo wema ule ulimchoma Maynard kuliko chai yenyewe.

Clifford ndiye aliyeanza. Yeye ni Jaji, kwa sababu miaka ishirini alikuwa mwamuzi kwenye maonyesho ya magari ya kale, na mpaka leo hukata alama hata mazishini.

— Nasema hivi, na msinikatize. Huu si wizi wa mbao. Huu ni wizi wa nafsi.

— Tumeanza, alisema Norris, anayeitwa Inchi, adui wa kila spana iliyopimwa kwa milimita.

— We Inchi, nyamaza ufundishwe. Magari haya yamebaki tisa duniani. Mtu akipata kipande kimoja cha kweli, kimoja tu, chenye mwandiko wa mwenyewe, anajenga gari jipya kukizunguka. Kesho anasema, hili ndilo la kumi na saba. Lile la Ledwick ni bandia. Nimeyaona! Nimewahi kuamua shindano lenye magari mawili yenye namba moja ileile, na wenyewe wawili wanalia machozi ya kweli!

— Na ulifanyaje?

— Niliwakata alama wote wawili.

— Ndiyo maana hukualikwa tena.

— Nilijiuzulu! Jaji aliruka, chai ikamwagikia suruali. Nilijiuzulu kwa heshima, mshenzi wewe!

Inchi alivua kitambaa chake cha shingoni, akamrushia apanguse paja, huku akiendelea kumtukana.

— Heshima gani? Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na wewe unajimwagia chai nguoni. Mimi namjua mwizi. Mnamkumbuka yule jamaa wa kiangazi? Wa viatu vya wazi na soksi?

— Yule mtalii?

— Mtalii nini! Alipima mlango. Nilimwona kwa macho haya. Na alipima kwa sentimita! Mtu mwenye nia njema anapima gari la Kiingereza kwa sentimita?

— Aliniuliza choo kiko wapi, alisema Dilys.

— Hapo hapo! Alikuwa anapeleleza!

— Choo?

— Dilys, mwenda pole hajikwai. Anaanzia chooni, anamalizia mlangoni. Hao watu wa milimita wana subira kubwa. Wameshachukua kila kitu nchi hii, wamebakisha bolti zetu na mbao zetu.

Jaji aliinuka, akazunguka benchi, akakaa tena. Masikio yalikuwa mekundu.

— Ngojeni. Ngojeni kwanza. Kwa nini tunadhani wamechukua mbao moja?

— Kwa sababu inakosekana moja, alisema Dilys.

— Inayoonekana kukosekana ni moja! Mbao mpya ile mmeiona? Imechongwa vizuri mno. Kiungo kimekaa kama jino. Aliyeifanya kazi ile ni bingwa. Sasa bingwa huyo ameingia mara ngapi? Leo mbao, mwaka jana labda kifuniko cha gurudumu la akiba, mwaka juzi kabureta. Anatoa cha kweli, anaweka cha uongo. Huenda gari zima limeshakwenda kidogokidogo, jamani! Huenda hili tunalolipaka nta kila Jumamosi ni lake, na letu analo yeye, kamili, ghalani kwake!

Inchi alijikuna kidevu. Alikuwa ameanza kuamini.

— Ndiyo maana siku hizi halivuji oili, alisema polepole. Lile letu lilikuwa linavuja.

— Mnaona!

— Halivuji kwa sababu Maynard alibadilisha gasketi mwezi wa saba, alisema Dilys. Nilikuwepo. Nilimshikia tochi.

Wote wakamgeukia Maynard. Alikuwa akitazama vidole vyake vitatu. Alichonga kiungo kile siku nne, na katika maisha mengine angefurahi kusikia Jaji akikisifu.

— Sema kitu, Msumeno. Mbao ilikuwa chini ya mkono wako.

— Sina la kusema.

— Huna? Mtu anamwibia marehemu Len mlangoni, nawe huna la kusema? Jaji alikuwa ameinuka tena. Mimi nilibeba jeneza la Len! Bega hili! Sasa nani ana ufunguo wa ghala? Tuseme kweli sasa. Beryl anao. Maynard anao. Na nani mwingine?

Kila mtu alijua jibu.

— Na mimi, alisema Inchi.

— Na wewe.

— Unamaanisha nini?

— Simaanishi. Nahesabu.

— Unanihesabu mimi? Miaka thelathini na mbili nakaa pembeni yako kwenye benchi hili, nakuvumilia pumzi, leo unanihesabu?

— Ufunguo wako unauweka wapi, Norris?

Alimwita Norris. Hakuna anayemwita Norris. Maynard alisikia jina lile likianguka kati yao kama spana sakafuni.

— Chini ya chungu cha maua mlangoni kwangu, Inchi alisema, na sauti yake ilipungua. Mnajua. Nyote mnajua. Len ndiye aliyeniambia niuweke pale, ili mke wangu mgonjwa akiamka vibaya mtu aweze kufungua ghala na kunifuata huku haraka.

— Basi aliyepitia ghala amepitia kwako!

— Na wewe je? Nani anayejua thamani ya kila kijiti ndani ya gari lile? Nani mwenye picha zote za kiwanda kwenye jalada? Nani aliyetuamuru tutoe hata lile tambaa la sufu mlangoni?

— Halikuwemo kwenye picha! Lilikuwa la kubandikwa na mtu! Gari ama ni la kweli ama si la kweli! Penye wengi hapaharibiki neno, tulipiga kura!

— Ulipiga kura wewe! Sisi tulikuwa tunakula!

Inchi aliinuka. Ni mfupi, anamfikia Jaji kifuani, lakini alimsogelea mpaka kofia yake ikagusa vifungo vya koti la mwenzake. Jaji naye hakurudi nyuma. Wazee wawili wenye miaka sabini na kitu, mmoja ana nyonga ya chuma, mwingine ana kifaa cha moyo kifuani, walisimama wakihemeana usoni.

— Ukitoka hapa leo, alisema Inchi, usinipigie simu tena. Hata mke wangu akifa, usije.

— Sitakuja.

— Mkae! Dilys alipiga kijiko kwenye bati la gari lake. Mkae wote wawili, nitawamwagia maji ya moto kama paka!

Hawakukaa.

Maynard alifungua mdomo. Kweli aliufungua. Alisema, "Jamani," lakini Jaji alikuwa akimtaka Inchi arudishe ufunguo, na Inchi alikuwa akimwambia Jaji pa kuutia, na neno lake likapotea. Saa ya kanisani ilipiga saa tano kasorobo. Aliona wazi jinsi itakavyokuwa. Beryl atakuja, gari litakwenda. Benchi litabaki na mtu mmoja, na mtu huyo ni yeye, mwongo, na ghala tupu mgongoni.

Hapo ndipo alipofika mama mmoja kijana akisukuma kigari cha mtoto. Alikuwa Tamsin, aliyehamia nyumba ya pembeni majuma mawili yaliyopita. Mtoto alikuwa akilia. Dilys, akiwa na hasira zote na kijiko mkononi, alichukua chupa ya maziwa bila kuombwa, akaitia kwenye jagi la maji ya moto ipate joto.

— Samahani, alisema Tamsin. Nimewasikia toka jikoni kwangu. Kuna mtu kaumia?

— Kaibiwa, alisema Jaji. Mbao. Mbao yenye maandishi ya marehemu rafiki yetu. Kitu kisicho na bei. Urithi.

— Miaka yote ilikuwa mlangoni humo, alisema Inchi. Tuliilinda kama macho yetu.

— Poleni sana, alisema Tamsin. Alimtoa mtoto kwenye kigari, akamweka begani. Ilikuwa imeandikwa nini?

Jaji alivuta pumzi ya kujibu. Akaishikilia.

Alimtazama Inchi. Inchi alivua kofia, akaitazama.

— Ilikuwa… alisema Inchi. Kulikuwa na penseli. Nakumbuka penseli. Mwaka ule tulivua ngozi kubadilisha kitasa, nikaona penseli.

— Ukasoma?

— Nilidhani ni vipimo.

— Mimi nilipiga picha kitasa, alisema Jaji. Kitasa kilikuwa sahihi.

Mtoto aliendelea kulia. Miaka arobaini ya gari, jalada la picha, bolti zote zimehesabiwa, na hakuna aliyekuwa ameinamisha kichwa asome mistari ile.

Maynard aliinuka. Aliingia ghalani, akatoka na tambaa nene la sufu la kijivu, refu kama mkono, limekunjwa mara mbili, chafu kwa grisi. Kila mtu alilijua. Ndilo alilokuwa akipigia magoti sakafuni tangu kiangazi.

— Hakuna mwizi, alisema. Niliichoma mimi.

— Uliichoma nini?

— Mbao. Ilioza ncha, nikaichoma. Niliona maandishi ikiwa tayari motoni. Asubuhi Beryl aliponiuliza nikadanganya. Inchi hana kosa. Ufunguo wake ubaki chini ya chungu.

Jaji alifanya mikono kama mtu anayetaka kukaba kitu na hajui ni kipi.

— Umetuacha saa mbili! Saa mbili tunatukanana! Nimemwambia mtu sitakwenda kumzikia mke!

— Najua.

— Ningempiga! Inchi alipayuka. Mimi na moyo huu wa betri ningempiga Jaji kwa ajili ya uongo wako! Wewe ni mtu wa namna gani, Msumeno?

— Mistari mingapi?

Aliyeuliza hakuwa mmoja wao. Beryl alikuwa amesimama kwenye kona ya ghala, hajavaa kofia, rangi imempotea mashavuni. Hakuna aliyejua amesimama hapo tangu lini.

— Minne, alisema Maynard.

— Ulisoma mingapi?

— Mmoja.

— Useme.

Maynard alilishika tambaa kwa mikono yote miwili, vidole vinane.

— Ilisema: "Sufu ni ya goti la Beryl. Upepo humuuma, hasemi."

Beryl alitazama tambaa. Alilichukua, akalikunjua, na katikati yake palikuwa na mashimo mawili ya magoti ya Maynard, na pembeni safu ya vijishimo vya misumari midogo, imepigiliwa kwa mstari ulionyooka, na mtu aliyekuwa na haraka ya kutoonekana.

— Mimi nilidhani nimezoea, alisema. Miaka ya mwanzo nilikuwa nashuka kwenye gari hili goti limekufa ganzi. Halafu likaacha. Nikasema, basi, Beryl, umezoea baridi.

Akamgeukia Jaji, na sasa macho yalikuwa yanawaka.

— Na wewe ulisema litolewe.

— Halikuwemo kwenye… Jaji alianza, akaacha. Alitoa kalamu mfukoni, ile anayokatia alama, akaitazama, akairudisha.

— Lirudi mlangoni. Leo. Mbele yangu. Ukitaka kukata alama, kata, niandikie na barua. Gari haliendi mnadani, kwa sababu nikiliuza nani atajua lile tambaa ni la nini? Lakini sijakusamehe, Maynard. Usije ukafikiri nimekusamehe.

— Sifikiri.

— Uliniangalia usoni ukanidanganya, na keki yangu mkononi.

— Ndiyo.

Waliingia ghalani wote. Maynard alipiga magoti kwenye saruji tupu, kwa kuwa hakuwa tena na kitu cha kupigia magoti. Inchi alimpa misumari mmojammoja, ya nusu inchi, bila kumtazama. Jaji ndiye aliyeinama kwa shida, na nyonga yake ya chuma, akalishika tambaa lisiteleze. Inchi alimwona anavyopata taabu, akamsogezea ndoo kwa mguu, aikalie.

— Kaa, mpumbavu, alisema.

Jaji akakaa.

Beryl alikuwa ndani ya gari, kwenye kiti chake cha kushoto, goti lake karibu na uso wa Maynard. Alingoja msumari wa mwisho. Kisha aliuliza, si kwa hasira tena, au labda kwa hasira ya aina nyingine, inayokaa muda mrefu.

— Na ile mistari mitatu?

Maynard aliweka nyundo chini, akasema iliungua kabla hajaisoma. Inchi alitazama misumari iliyobaki kiganjani. Nje mtoto wa Tamsin alikuwa amenyamaza, maziwa yamepata joto. Dilys aliinamisha birika juu ya kikombe cha Beryl, akalitikisa, akalifunika.

— Chai imeisha, alisema.